Jibu Kutoka Ng'ambo ya Bonde

Kila alipotoka shuleni, Raya alifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Alifua soksi zake nyeupe bombani, akazianika kwenye kamba, kisha akakaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yao huko Mji Mpya, akavaa hedifoni zake nyekundu na kuitazama milima. Saa ile mawingu huanza kushuka taratibu kwenye mabega ya Uluguru. Akiwa na muziki masikioni, Raya aliona kama mawingu yanacheza, na kama yeye mwenyewe ameinuka kidogo kutoka pale kwenye ngazi.

Jumanne moja, kabla ya mvua za masika kuanza, muziki ulikatika katikati ya kiitikio. Raya alitazama simu. Kioo kiliandika kwamba nafasi imejaa.

Simu ile ilikuwa ya zamani ya mjomba wake, Salehe, mdogo wake mama, aliyekuwa akisoma kwenye kampasi ya Mazimbu. Alipompa Raya alimwekea sharti moja tu.

"Humu ndani kuna faili la Bibi," alisema. "Usiliguse. Simu yangu imejaa kazi za chuo, halina pa kukaa pengine. Hii ni amana, Raya. Unajua maana ya amana?"

"Najua, mjomba. Kitu cha mtu unachomtunzia."

Wakati wa likizo Salehe alikuwa ameazima kinasa sauti cha chuoni, akapanda hadi kwa Bibi Mwaisha, juu kabisa ya Towero, akakitega kando ya shamba kabla hakujapambazuka. Aliporudi mjini, mwenye duka la vifaa vya umeme, Anti Hetal, ndiye aliyehamishia sauti hiyo kwenye simu. Ilikuwa saa nzima ya alfajiri: jogoo, upepo kwenye migomba, na Bibi akiita kwa Kiluguru kuelekea mlima wa pili.

"Kristinaaa! Umeamka?"

Kisha kimya kirefu, kirefu kiasi cha mtu kudhani hakuna atakayejibu. Halafu, kutoka ng'ambo ya bonde, sauti nyembamba kama uzi:

"Nimeamkaaa! Wewe je, bado unaota?"

Baada ya hapo kilifuata kikohozi kidogo, kisha majembe mawili, moja karibu na moja mbali. Bibi Mwaisha na Bi Kristina waliitana hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Mmoja alikuwa wa msikitini na mwingine wa kanisani, mmoja akilima mteremko huu na mwingine ule. Hakuna hata mmoja aliyepiga jembe la kwanza kabla mwenzake hajaitika.

Raya alilisikiliza faili lile siku ya kwanza, akalipenda, kisha akalisahau. Sasa lilikuwa limekaa katikati ya simu kama jiwe mlangoni.

"Lete nione," alisema Prisca, jirani na mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa ameegemea ukuta akila embe bichi kwa chumvi. Alifuta vidole kwenye sketi, akaichukua simu. "Ona mwenyewe! Faili moja linakula nafasi ya nyimbo mia moja na hamsini. Ni WAV hili. Nani anatunza WAV siku hizi? Liminye liwe MP3."

"Mjomba kasema nisiliguse."

"Hulifuti, unaliminya tu. Bibi ni yuleyule, maneno ni yaleyale. Wewe nawe, kila kitu unaogopa kama kifaranga."

Raya hakupenda kuitwa kifaranga. Walichagua ukubwa ule mdogo kuliko wote. Mstari wa kijani ukatambaa kwenye kioo, na faili lililokuwa kubwa kama gunia likawa dogo kama ngumi. Kisha programu ikauliza kama faili la mwanzo lifutwe. Prisca ndiye aliyeonesha mahali pa kubonyeza. Lakini kidole kilichobonyeza kilikuwa cha Raya.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu. Nyimbo mpya zilijaa kwenye simu, na besi ya hedifoni nyekundu ilimtetemesha Raya hadi kifuani. Mama yake alimwita mara mbili, mara tatu, bila kuitikiwa.

"Punguza hiyo sauti, mwanangu," alisema Mama siku moja, akimwinulia hedifoni upande mmoja. "Masikio hayauzwi sokoni. Ukiyaua haya, utapata wapi mengine?"

Usiku Raya alisikia mluzi mwembamba masikioni mwake. Alidhani ni mbu.

Masika yalipokuwa yanaishia, Bi Kristina aliugua, akafariki. Raya alilia siku ile, kwa sababu alimkumbuka akimpa mihogo ya kuchoma na kumtania kwamba miguu yake ni myembamba kama ya korongo. Lakini shule ilikuwa na mitihani, na huzuni ikapita kama mvua ya jioni.

Jumatano moja ya mwezi wa sita, wakati wa chakula, Mama aliweka kijiko chini.

"Bibi yako anashuka Jumamosi," alisema. "Tangu mwenzake azikwe, hajalima. Watu wa kule wananiambia anafika shambani alfajiri, anaita, halafu anakaa chini na jembe lake mpaka jua linapanda. Salehe kamwambia kwamba sauti ya Bi Kristina unayo wewe. Anataka kumsikia mara moja tu. Huenda akatulia, akashika jembe tena."

Raya aliacha wali wake nusu.

Baada ya kuosha vyombo alikwenda kwenye ngazi ya nyuma, akafungua lile faili dogo. Jogoo aliwika, lakini kama jogoo wa bati. Bibi aliita, lakini kama mtu aliye ndani ya debe. Kisha kikaja kile kimya kirefu. Raya akabana hedifoni kwa mikono yote miwili. Mahali pa jibu palikuwa na mvumo wa ajabu, kama maji yanayozunguka kwenye beseni. Akaongeza sauti. Akaongeza tena. Hapakuwa na mtu.

"Labda ni hedifoni," alijiambia. "Hizi ni mbovu."

Kesho yake alipotoka shuleni alipitia dukani kwa Anti Hetal. Lilikuwa duka jembamba lenye mlango wa bluu, lililokuwa la baba yake kabla halijawa lake, na ndani lilinukia udi na waya mpya. Anti Hetal alikuwa ameinamia redio, miwani ikining'inia shingoni kwa mnyororo.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba. Karibu, mwanafunzi. Umeharibu nini?"

Raya alishtuka. "Sijaharibu kitu! Nataka hedifoni nzuri."

"Nzuri kwa kazi gani? Hedifoni ni kama viatu. Vya mpira si vya harusi." Alichukua zile nyekundu, akazigeuzageuza. "Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya besi. Besi ni kama mgeni mwenye sauti kubwa sebuleni. Akianza kusimulia, mtoto anayenong'ona pembeni hasikiki. Ndiyo maana unaongeza sauti, na ukiongeza unajiumiza. Masikio yako hayapigi mluzi usiku?"

Raya aligusa sikio lake. Kumbe hakuwa mbu.

Anti Hetal akatoa nyingine mbili. "Hizi ndogo za kuchomeka ni nyepesi, lakini zinaziba sikio kama kizibo. Ukivaa barabarani hutasikia honi. Na hizi za waya, nyeusi, hazina mbwembwe, hata rangi hazina. Lakini kila sauti zinaiacha mahali pake. Jaribu."

Raya alizivaa. Anti Hetal aliweka wimbo wa gitaa ambao Raya aliujua tangu utotoni, tena akauweka kwa sauti ya chini. Raya akafumba macho. Alisikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Alisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti, kama mtu anayesimama mlangoni kabla ya kubisha. Duka likawa kubwa, paa likaondoka, na kwa muda mfupi alisahau kilichomleta.

Kisha alikumbuka. Akageukia ukutani, akachomeka waya kwenye simu yake, akasikiliza faili la Bibi. Mvumo uleule. Beseni lilelile.

"Anti," aliuliza polepole, "hedifoni nzuri kabisa zinaweza kurudisha kitu ambacho hakisikiki kwenye faili?"

"Haziwezi kurudisha kilichotupwa." Anti Hetal alichukua khanga yake mgongoni mwa kiti. "Tazama. Nikiikunja hivi, inaingia mkobani, na nikiikunjua naipata yote. Kuna mafaili ya hivyo, kama FLAC, yamekunjwa tu. WAV ni khanga iliyotandazwa yote. MP3 ni mtu aliyechukua mkasi akakata pindo ili khanga iingie mkobani. Akikata kidogo, huoni tofauti, na kwa nyimbo za kila siku inatosha kabisa. Akikata sana, jina la khanga linaondoka, unabaki na kitambaa." Alimtazama Raya kwa makini. "Unataka kusikia nini hasa, mwanangu?"

Raya alizungusha waya wa hedifoni kidoleni.

"Muziki tu, anti."

"Na hii si simu aliyoileta Salehe?"

Raya aliisukuma simu mfukoni. Anti Hetal alizichukua hedifoni nyekundu, akampa zile nyeusi. "Tubadilishane. Zikikuchosha, utazirudisha."

Njiani Raya alimkuta Prisca, akamwambia yote. Prisca alifikiri, akapiga vidole.

"Sema simu imejifuta yenyewe."

"Mjomba anasomea mambo haya. Hatakubali."

"Basi jibu wewe! Sauti yako nyembamba kama ya Bi Kristina. Tunakurekodi ukiwa mbali, naibandika pale penye kimya. Bibi mtu mzima yule, atajuaje? Tena utakuwa umemfurahisha. Hiyo si dhambi, ni huruma."

Neno huruma lilimtuliza Raya, kwa sababu kweli alimhurumia Bibi.

Ijumaa jioni walipanda nyuma ya mtaa wa Kilakala hadi kwenye mto mdogo. Prisca alibaki upande huu na simu. Raya alivuka kwa kukanyaga mawe, akapanda katikati ya migomba mpaka ukungu ukamfikia. Kila kitu kilikuwa kimetulia. Akakusanya mikono mdomoni, akaita kwa Kiluguru kidogo alichokijua.

"Nimeamkaaa! Wewe je, bado unaota?"

Mlima ukamrudishia sauti yake, nyembamba, ya mbali. Nywele zikamsimama. Kwa kitambo alihisi kwamba si yeye aliyeita, kwamba Bi Kristina amepita hapo kwenye ukungu na kuazima koo lake. Aliposhuka, Prisca aliibandika ile sauti kwenye faili, mahali pa jibu. Usiku Raya hakulala vizuri.

Bibi Mwaisha alifika Jumamosi asubuhi, na mkungu wa ndizi kichwani na maganda ya mdalasini yaliyofungwa kwenye kitambaa. Mjomba Salehe alikuwa ameshafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Salehe, chuo hicho hakina ugali? Umekonda kama mpini." Akamgeukia Raya, akampapasa shavu kwa kiganja kigumu. "Na huyu ndiye mlinzi wangu. Haya, mlinzi, nifungulie mlango nimwone mwenzangu."

Raya alimvika hedifoni nyeusi juu ya ushungi. Bibi akacheka kidogo. "Leo nimekuwa rubani."

Kisha akafumba macho. Raya alijua jogoo anawika wapi, akajua Bibi anaita wapi. Akahesabu kile kimya kwa mapigo ya moyo wake. Mara mkono wa Bibi ukanyanyuka, ukabaki hewani, kama anayemzuia mtu asiongee.

"Ameitika," alisema. Chozi lilitiririka kwenye mikunjo ya shavu lake. Alikaa hivyo, kisha akageuza kichwa kama anayesubiri kitu, na uso wake ukang'aa, akamgeukia Mama. "Hakukohoa! Mwajuma mwanangu, umesikia? Miaka yote, akiniitikia lazima akohoe. Leo hakukohoa. Alhamdulillahi. Mwenzangu kapona huko aliko."

Mama aliinua ncha ya khanga akafuta macho. Mjomba Salehe hakufuta macho. Yeye alikumbuka kile kikohozi, na sasa alikuwa anamtazama Raya.

Raya angeweza kunyamaza. Bibi alikuwa na furaha, na pengine kesho angeshika jembe. Mjomba angeuliza maswali baadaye, wakiwa wawili tu. Lakini Bibi alinyoosha mkono akamshika kidole.

"Irudishe tena, mjukuu wangu. Nimsikie alivyopona."

Kidole kilekile. Raya alikitazama mkononi mwa Bibi.

"Bibi," alisema, "siyo yeye. Ni mimi."

"Unasema?"

Raya alimvua hedifoni taratibu. "Ni sauti yangu. Ya Bi Kristina haipo."

"Raya!" Mjomba alisimama. "Nilikwambia nini kuhusu hilo faili?"

"Mwacheni," alisema Bibi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ameshafika katikati ya mto. Mwacheni avuke."

Raya akavuka. Alieleza jinsi nafasi ilivyojaa, jinsi alivyoliminya faili, jinsi alivyofuta la mwanzo, na jinsi walivyokwenda mtoni. "Prisca alinishauri," alisema, "lakini kidole ni changu na sauti ni yangu."

Bibi alikuwa anatazama mikono yake.

"Kwa hiyo hakupona kikohozi," alisema.

"Sijui, Bibi. Nilimfuta." Hapo Raya alilia, kilio kikubwa ambacho hakukiona kinakuja.

Mama alimvuta kwake. Mjomba alikaa chini na kushika kichwa. "Kinasa sauti nilishakirudisha chuoni, na watu wameshakitumia mara nyingi," alisema. "Ndiyo imekwisha."

Raya alipangusa pua. "Labda Anti Hetal. Yeye ndiye aliyehamisha. Alhamisi aliniuliza nataka kusikia nini, nikamdanganya. Naomba twende nikamwambie."

Walikwenda wote wanne, Bibi akitembea mbele kama anayewahi shamba. Dukani kulikuwa na wateja wawili wakichagua chaja. Raya hakungoja waondoke.

"Shikamoo, anti. Juzi uliniuliza nataka kusikia nini hasa. Nataka kumsikia Bi Kristina, rafiki wa Bibi. Nilipewa sauti yake nitunze, nikaikata mpaka ikaisha, halafu nikakudanganya."

Anti Hetal alimtazama, akamtazama Bibi. Alivaa miwani, akageukia kompyuta, na kwa dakika nzima kikasikika kipanya chake tu kikibofya.

"Sauti ya mtu siifuti mpaka mwaka upite," alisema mwishowe. "Watu hurudi. Ipo hapa, nzima. Ungesema Alhamisi, mwanangu, ungelala vizuri siku mbili hizi."

Raya alishika ukingo wa meza. Mjomba alicheka kwa pumzi, kama mtu aliyetua mzigo.

Anti Hetal alitengeneza nakala mbili. Moja, khanga iliyotandazwa, aliiweka kwenye kidude kidogo cha kuhifadhia akamkabidhi Mjomba. Nyingine aliikunja bila kuikata, akaiweka kwenye simu. "Nyimbo zako nyingine weka MP3, hazina kosa," alimwambia Raya. "Lakini kitu kisicho na pacha duniani, usikitie mkasi."

Bibi alimvuta Raya karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Sikukasirikia simu. Ulipunguza amana ukaona si kitu. Kisha ukapunguza ukweli, ukaona nao si kitu, tena ukauita huruma. Kile kidogo tunachokitupa, mara nyingine ndicho chenye mtu ndani yake. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Leo umesema, na umeona aliyekuwa na dawa alikuwa anakungoja uombe tu."

"Nimesikia, Bibi. Nisamehe."

"Nilishakusamehe ulipokuwa katikati ya mto. Haya, nivishe."

Raya alimvika zile hedifoni nyeusi, akaweka sauti ya chini. Uso wa Bibi ukatulia kama bonde kabla ya jua. Raya aliegemeza sikio lake karibu, na kupitia kwenye kitambaa cha ushungi akasikia, kwa mbali sana, uzi ule mwembamba. Halafu kikohozi.

Bibi aliangua kicheko. Kisha, kama watu wote wenye hedifoni masikioni, alisema kwa sauti kubwa bila kujua, mpaka wateja wa chaja wakageuka, na mtu aliyekuwa anapita nje akasimama mlangoni.

"Kristina! Kila siku nilikuita, umeamka, umeamka. Sikuwa nauliza kuamka, ewe! Nilikuwa nakwambia usiniache peke yangu huku mlimani."